Kibao cha Ndiva

Mbaga, Same
9 Agosti 1967

Dada Yudith, shikamoo.

Hatujambo. Upepo umeangusha migomba miwili, na kofia ya Baba bado imetundikwa mlangoni.

Kuna jambo sikukuandikia. Mwaka jana alikuja bwana wa serikali kuorodhesha mahali pa kale pa kuhifadhiwa. Aliniuliza ni nani aliyejenga ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba. Niliona daftari lake limejaa majengo ya Wajerumani tu, nikaogopa ataiacha. Nikamwambia waliijenga Wajerumani. Akaandika, na baadaye kikaletwa kibao chenye maneno hayo.

Baba alibeba mawe yale utotoni, pamoja na Babu, lakini hakujua kusoma. Akaniuliza, "Anaeli, wameandikaje?"

Nikajifanya nasoma: "Ndiva hii ilijengwa na Mzee Mchome na wanawe."

Akacheka. "Kumbe serikali inamjua baba yangu!"

Tangu siku hiyo alikifuta vumbi kwa kofia yake kila asubuhi, mpaka alipolala kitandani asiamke.

Dada, utakapokuja kuanua matanga, wapitishe watoto njia ya juu, isiyofika kwenye kibao. Wao wanajua kusoma.

Mdogo wako,
Anaeli