Gramu za Chumvi na Debe la Mpunga

Songea, Jumapili

Kwako Baba Rehema, mume wangu,

Assalamu aleikum. Mgongo je, umepoa? Mama mkwe nampa shikamoo nyingi, macho bado yanamsumbua? Shabani, kitindamimba wetu, anakula? Na dada yako anayewapikia, mwambie namshukuru mno, Mungu amlipe. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kazi ya kupima nafaka ghalani inaendelea, ni vumbi tu linanibana kifua. Simu yako haipatikani wiki ya pili hii, ndiyo maana nampa barua kaka yangu anayekuja huko.

Baba Rehema, nilipata hofu. Mwanao Rehema aliniambia anaacha kemia. Kidato cha tatu wanaruhusiwa, na jina lake keshaliandikisha, orodha inafungwa Ijumaa. Nikamuuliza, "Na unesi wako je?" Akalia. Kisa ni kugeuza gramu kuwa moli. Mara tatu kapata sifuri.

Mimi niliishia la nne, moli siijui. Ila nilimwambia anisomee hesabu zake huku nachambua maharage. Nikasikia kila hesabu anagawa kwa kumi na nane.

"Kumi na nane ya nini?"

"Mwalimu aligawa hivyo ubaoni, mama."

"Alikuwa na nini?"

"Maji."

"Na hiyo yako?"

"Chumvi. Gramu mia moja kumi na saba."

"Ee, mwanangu! Ghalani kilo sitini za mahindi ni debe tatu, maana debe moja kilo ishirini. Debe la mpunga ni kilo kumi na mbili. Kilo sitini za mpunga nazo nigawe kwa ishirini? Si nitafukuzwa?"

"Hapo ni debe tano," akasema. Akafungua jedwali lake, akajumlisha uzito wa vitu viwili vinavyofanya chumvi, akapata hamsini na nane na nusu. Akagawa. "Mama! Moli mbili kamili!"

Nikaogopa nisije nikawa nimempoteza zaidi. Kesho yake nikamfuata mwalimu wake, kijana wa Mwanza, na vumbi langu hivyo hivyo. Akatazama daftari, akaweka vema, akacheka, "Mama, njoo ufundishe wewe." Machozi yalinitoka. Namshukuru Mungu, namshukuru yule kijana, nakushukuru na wewe uliyekubali tuje huku ukabaki unalima peke yako.

Lakini jina hajalifuta. Anasema, "Wewe mama unanionea huruma tu. Baba alisema nikifeli nirudi nyumbani." Kumbe lile neno la siku ya kuondoka kalibeba mpaka leo! Mimi najua ulitania. Yeye hajui.

Nisalimie na jirani anayetuangalizia mbuzi. Halafu shika kalamu umwandikie mwanao kwa mkono wako, hata mistari miwili, kwamba ajaribu, na akikosea bado ni mwanao. Kaka anarudi Jumatano, mpe aje nayo. Usikawie, baba.

Mkeo,
Mama Rehema