Mafiga Mlangoni Kwangu

Jumanne, 10 Juni 2025
Wiki mbili na siku tatu za ndoa! Venance karudi gereji na chungwa moja, tumegawana nusu kwa nusu. Nampenda mpaka naona aibu.

Leo kaja Ritha, dada anayehakiki orodha ya ruzuku ya kaya maskini hapa Michenga. Ana kishikwambi. Mama mkwe alikuwa shambani, anavuna mpunga. Nikajibu mimi. Kauliza, mnakula chungu kimoja? Kimoja! Mimi na Mama ni kitu kimoja, na mume wangu fundi pikipiki ndiye anatulisha wote! Kabonyeza, kabonyeza. "Hongera, bi harusi."

Jumatano, 11 Juni 2025
Kumbe chungu kimoja maana yake kaya moja. Basi na Venance anahesabiwa humo, kijana mwenye kazi — Mama anatolewa kwenye orodha. Ruzuku ile ndiyo dawa zake za presha, miaka mitatu sasa. Na gereji wiki hii zimekuja pikipiki mbili tu.

Venance kasema, "Mdomo wako mtamu mke wangu, ila jana umetuponza." Kisha kanishika mkono. Vidole vyake vinanukia oili. Napenda hata hiyo.

Mama alichukua ungo. Alipeta mchele.

Ijumaa, 13 Juni 2025
Nimemfuata Ritha ofisi ya kijiji. Hana ubaya. Hawezi kufuta kwa maneno yangu, atakuja Jumatatu aone mwenyewe nani anapika wapi.

Tatizo — kwao kina Venance, mke hapiki kwake mpaka mama mkwe ampe mafiga. Hutolewa akishapata mtoto wa kwanza, kwa vigelegele. Na hayaombwi.

Jumatatu, 16 Juni 2025
Venance kaondoka gizani. Kulipokucha nikafungua mlango — mafiga matatu! Yana masizi, ya jikoni kwake mwenyewe. Hakuna vigelegele.

"Shikamoo Mama."
"Marahaba. Pika kwako."
"Mama, si tutakuwa tunamdanganya Ritha?"
"Nani anadanganya? Kuanzia leo hata chumvi yangu usiguse."

Sijui kama ni hasira au zawadi. Yeye kabandika chungu chake juu ya matofali.

Saa saba mchana. Naandika upesi, daftari gotini. Wali wangu wa kwanza kwangu! Umeshika chini kidogo. Ritha yuko uani. Anatazama moshi wangu, anatazama moshi wa Mama. Haandiki bado.

Venance kaja kula. Habari ya mafiga hana. Kanawa. Nimempakulia, nyama yote upande wake. Nainua macho — Mama naye kampakulia, sahani ileile ya bluu, kama kila siku. Kashtuka mwenyewe. Kijiko bado kiko hewani.

Venance kasimama katikati ya ua, sahani huku na sahani kule, mikono inachuruzika maji.

Ritha kafungua kishikwambi.