Magadi ya Mama Kemunto

Jumanne usiku

Huyu jirani yangu Mama Kemunto ameniharibia kabisa. Tangu mwaka jana, kila jioni navuka shamba lake la majani chai nikishika kifua, nalia kiungulia. Yeye huchota magadi kidogo, anakoroga kwa maji ya moto, nakunywa, halafu tunaongea mpaka baridi itufukuze.

Kiungulia chenyewe kiliisha zamani. Sijamwambia.

Leo amekuja na kopo limejaa magadi.

"Mzee, shika. Ujikorogee kwako, usisumbuke na hii matope."

"Na nikizidisha, nife?"

"Utaharisha tu. Kufa bado, hata shetani hajakutayarishia kiti."

Tukacheka. Akaenda.

Tangu nimzike mke wangu, hii nyumba hata redio inaongea kama haijui kuna mtu. Nililitazama hilo kopo nikaogopa kweli. Sasa nitaenda kwake kufanya nini?

Nikaenda zizini, nikachanganya magadi yote na chumvi ya ng'ombe. Wakalamba wote watatu, hakuna aliyeuliza swali.

Kesho jioni navuka. Nitamwambia ugonjwa umezidi, na hapo sitakuwa nimedanganya sana.