Kitabu Chenye Doa la Chai

Jumatatu, 1 Julai

Nzi wa kijani kutwa nzima. Unyoya, uzi, fundo, gundi. Unyoya, uzi, fundo, gundi. Kidole gumba kimekufa ganzi.

Hapa mtaani Nguvumali bado wananicheka nikisema kazi yangu ni kufunga nzi. Wanadhani wale wa jalalani. Wetu ni vidude vya manyoya, unavifungia kwenye ndoana ili samaki adhani ni mdudu. Wageni wa mahotelini wanavulia hivyo, tena samaki hawamli, wanamrudisha majini. Sielewi. Lakini napenda. Nikimaliza nzi mmoja huwa namwangalia kidogo, nikiwaza huko anakokwenda.

Rehema kanyonya hata viatu sijavua. Mwaka na nusu sasa. Mikono inanuka uji wa kwa jirani. Nimemnusa mpaka akacheka.

Jirani anayenishikia mtoto anahama mwezi huu. Na karakanani mtoto haingii tena, tangu ndoana ilipomchoma kidole. Mama Neema mwenye karakana ana haki yake, damu ile aliifuta yeye.

Mama mkwe kapiga simu kutoka Maramba. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumchukua Rehema akaachie ziwa kwake. Ndivyo walivyozoea kwao. Mume wangu Saidi naye alipelekwa kwa bibi yake kuachia ziwa, akakaa huko mpaka akang'oka meno ya utoto. Hilo ndilo linalonitisha. "Utapumzika, mwanangu," anasema. Nani kamwambia nimechoka?

Jumatano, 3 Julai

Mama Neema katukusanya. Mteja anataka nzi wa kuvulia samaki wa baharini, na sampuli hana. Atakayetoa mtindo mpya kitabuni, akaufunga mwenyewe bila kuonyeshwa, atapewa jiriwa akafungie nyumbani. Jiriwa ni kile chuma kinachobana ndoana tukiwa tunafunga. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.

Nyumbani. Baada ya neno hilo sikusikia jingine. Niliona dirisha langu, jiriwa limekazwa pale, Rehema chini anavuta upindo wa kanga yangu. Uzi ukakatika mkononi.

Kitabu sina. Niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha kusoma maboksi. Lakini picha nazijua kusoma.

Alhamisi, 4 Julai

Nimepita kwa Babu Nasoro karibu na soko. Anauza vitabu vya mtumba, miwani, mikanda, na karanga pembeni. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kitabu cha kufunga nzi.

"Nzi wanafungwa, binti? Hapa kwangu wamejaa, wafunge wote, bure!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Nikatoa mmoja mkobani nikamwonyesha. Kumbe anavyo vitabu vya hivyo viwili, vilikuja na robota. Kimoja kikubwa, jalada gumu, kinang'aa kama sahani ya harusi. Cha pili hakina jalada, karatasi zimevimba, kimejaa madoa. Hicho sikukigusa hata kidogo.

Nimechukua kikubwa. Akiba ya kanga ya Idi imekwenda humo. Sijutii.

Jumamosi, 6 Julai

Kitabu hiki ni kizuri jamani. Kila nzi ana ukurasa wake peke yake, kama hereni dukani kwa sonara. Halafu mito. Mawe ya kijivu, mvuke unapanda kutoka majini, mtu mmoja kasimama maji kiunoni na kofia yake. Kimya mpaka unakisikia.

Mchana nimesinzia nacho kifuani. Nikaota niko kwenye ule mto, Rehema mgongoni, maji baridi yanapita wala hatulowi. Samaki wanatutazama kutoka chini. Wanatufahamu.

Nimeamka kanga imelowa. Rehema kanikojolea.

Jumapili, 7 Julai

Hakifai.

Rehema nilimpeleka kwa jirani, nikaibana ndoana kwa koleo la Saidi, koleo nikalibana kwa magoti. Mkono mmoja uzi, mmoja unyoya. Kitabu kikajifunga. Nikakifungua. Kikajifunga. Nimekiwekea mbuzi ya nazi juu, kikaisukuma ikaanguka.

Halafu kinaonyesha nzi aliyekwisha tu. Mwanzo hakuna. Kama umeonyeshwa bibi harusi kwenye jukwaa, ukaambiwa haya, nawe kalee wako tangu mchanga. Manyoya yenyewe ya ndege ambao sijawahi kuwaona. Na wote ni wadudu wa mtoni, hata mmoja wa bahari hamna.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Nimenunua picha za mito.

Jumanne, 9 Julai

Nimerudi kwa Babu Nasoro kubadilisha. Nikamkuta anachana kile kichafu, anafungia watu karanga.

Nilipiga kelele. "Babu, usichane!" Mteja karanga zikamwagika.

Maana niliuona ule ukurasa mkononi mwake. Mikono. Mikono imechorwa, uzi unapita hivi, kidole kinashika hapa, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kizuri unarudisha, unataka hiki cha karanga? Binti, una homa?"

"Sina homa, babu. Nipe."

Kanipa, na karanga juu. Za kuniliwaza, nadhani.

Nyumbani nimekifungua, kikalala sakafuni kama mkeka. Hakijifungi. Rangi hakina, penseli tupu. Matone ya gundi. Uzi mwekundu umeganda pembeni. Kuna doa la duara la chai, mtu kaweka kikombe. Pale pachafu zaidi ndipo alipofanya kazi zaidi. Kile kingine kilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyewahi kufunga kitu kwacho. Ningelijua hilo Alhamisi.

Mwenye kitabu nimempa jina, Bwana Chai. Namwona mnene, vidole vifupi, anaishi kwenye baridi. Mkewe anamwambia chai inapoa. Hasikii.

Jumatano, 10 Julai

Ukikiachia kitabu, chenyewe kinafunguka kwenye doa la chai. Hapo pana kamba. Kamba wa baharini, na miguu yake na ndevu zake na macho yamemtoka. Nimecheka kwa furaha. Mimi ni mtoto wa pwani, wa Moa, kamba namjua kabla sijajua kusoma.

Nywele za mbuzi nimepata buchani. Unyoya ni wa jogoo wa jirani, yeye hajui, jogoo anajua. Macho nimetoa shanga mbili kwenye uzi wangu wa kiunoni. Saidi akirudi safari na lori lake atagundua. Basi atagundua.

Nimefuata mikono ya Bwana Chai moja moja. Nikageuza ukurasa nione mwisho. Haupo. Umechanwa. Kamba wangu kabaki hana mwisho.

Nimekwenda mbio kwa Babu Nasoro. "Mwanangu, karanga wanakula Tanga nzima."

Alhamisi, 11 Julai

Nimemfunga kwa kukisia, nikaikata ncha ya ndoana isimchome mtoto, nikamtia kwenye beseni la kuogea. Akalala ubavu kama maiti. Anataka uzito. Nimechukua vigololi viwili vya chuma vya kijimnyororo changu cha funguo, nikavifunga tumboni. Akasimama vizuri. Nikamfunga mwingine hivyohivyo, huyu ndoana nzima, nikatandika kanga ndani ya beseni, chini kabisa, iwe kama nyasi za baharini. Nikavuta. Ndoana ikaikamata kanga. Mara ya pili vilevile. Nani atanunua nzi wa kuvulia nyasi?

Kesho Ijumaa. Keshokutwa mama mkwe.

Nimeacha, kamba wote nikawatoa majini. Nimemwogesha Rehema tu, jua lilikuwa bado lipo uani. Maji yanang'aa mgongoni kwake. Nikamwaga kata moja, nyingine, na pole pole sikuwa tena Nguvumali. Nilikuwa Moa na marehemu mama, maji magotini, kitambaa cha kuvulia tumekishika huku na huku. Mama anaimba kwa Kidigo. Kamba mmoja kanihisi unyayo, akaruka.

Kinyumenyume! Kamba akishtuka anarudi nyuma. Mkia ndio unaotangulia.

Nilimtoa mtoto majini na povu kichwani. Vigololi vya wote wawili nimevihamisha mgongoni, huku kwenye mkia, pale mshipi unapofungwa. Yule mwenye ndoana nzima, nilipomtia majini, akageuka mwenyewe. Ndoana ikaangalia juu. Nimemvuta, katambaa juu ya kanga bila kukwama. Huyo nimemtoa kwanza, nikamweka mbali pamoja na kanga, nikamtia yule aliyekatwa ncha, kisha Rehema nikamrudisha majini. Nikavuta kidogo. Akaruka kinyumenyume, ndevu zikifuata nyuma.

"Dudu!" Rehema kapiga maji kwa mikono yote miwili. Nilipoacha kuvuta akalia. Nimevuta mpaka vidole vyetu vikakunjamana.

Ijumaa, 12 Julai

Mama Neema kamtia kamba wangu kwenye ndoo. Kavuta. Kavuta tena. Wenzangu wameacha kazi wanatazama. Mwingine kaleta nzi wa umbo la samaki mdogo, mzuri, lakini alimtoa kwenye kumbukumbu ya zamani, si kitabuni.

"Miguu mingi. Punguza," kasema. Halafu, "Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Haupo, mama. Wameulia karanga."

Sijawahi kumwona Mama Neema akicheka vile. Mabega yanatikisika.

Jiriwa kalifunga kwenye gazeti. "Mtoto akichomwa tena, nachukua chuma changu." Nimelibeba kifuani njia nzima. Zito kama mtoto aliyelala.

Jumamosi, 13 Julai

Mama mkwe kafika na kikapu, magimbi, na gauni jipya la Rehema la kusafiria. Nimemwamkia. Nimempa maji. Nikamwonyesha dirisha na jiriwa, nikasema sasa kazi yangu iko hapa, mtoto hana haja ya kwenda.

Akaziona ndoana. "Zilezile zilizomchoma? Leo umezileta anapolala?"

Nilikuwa nimewaza kamba, mto, Bwana Chai, kila kitu. Hilo sikuliwaza. Nimemchukia mama mkwe kwa sababu alisema kweli. Halafu nikajichukia mimi.

Akaanza kukunja nguo za Rehema, anazitia kikapuni. Mtoto anamsaidia, anazitoa. Anatia, zinatolewa.

Kisha akauliza, "Dirisha hilo halifikii?"

"Halifikii, mama. Mimi nafunga nikiwa nimesimama."

"Simama basi, nikuone."

Nimesimama mpaka alasiri. Yeye kakaa kwenye mkeka, anamwachia Rehema aende apendako, anatazama chini tu. Baadaye akaulizia redio mbovu. Akang'oa sumaku kwenye spika, akaifunga kwenye upindo wa kanga, akaifagilia sakafu nzima kwa magoti yake. Ikashika ndoana moja. Moja. Akaniwekea kiganjani. Afadhali angenipiga.

Aliswali. Alikula. Halafu akanipa ile sumaku.

"Kila ukimaliza kazi, kabla mtoto hajashuka kitandani, unafagia. Mimi nitakaa wiki. Ziwa ataachia hapahapa."

Nimeingia chooni nikalia kwa raha.

Jumatano, 17 Julai

Shubiri. Mama mkwe kanipaka mwenyewe, anacheka. Rehema kaonja, kanitazama kama simfahamu. Kaonja tena, labda mara hii. Uso ukakunjana. Amelia yeye, nimelia mimi, mama mkwe katukemea wote wawili.

Maziwa yanauma. Nafunga nzi nikiwa nimevimba. Kamba tisini na kitu wanahitajika, Mama Neema anasema, halafu wengine.

Jumapili, 21 Julai

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Kikapu kitupu, nimemtilia karanga za Babu Nasoro. Rehema kampungia mpaka kona, kisha akarudi kukaa kwenye miguu yangu.

Saidi kapiga simu, yuko njiani. Shanga sijamwambia.

Nimefagia na sumaku. Haikushika kitu. Nimefagia tena.

Sasa Rehema kalala mkekani, mkono mmoja umeshika upindo wa kanga yangu, hivyo siwezi kusogea. Nimesimama tu dirishani. Upepo unaleta harufu ya samaki wa kukaangwa. Kidogo maji yananitoka kifuani, kidogo tu, yameanza kukata.

Kitabu nimekiachia kikafunguka chenyewe. Kamba, mikono, duara la Bwana Chai. Na pembeni pana doa jingine, jeupe, bado bichi. Uji. Na kidole kimoja kidogo kimeburutwa humo mpaka mwisho wa karatasi.

Sijalifuta.