Kidole Kiganjani mwa Nyongesa

Kampala, 2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini kifua kimepoa na sasa unalala. Mimi ni mzima.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kuchunguza mdudu. Si mdudu, Mama. Ni mnyama wa baharini, bapa, hazidi punje ya wimbi. Hana ubongo, hana neva, hana hata mdomo. Lakini nikimgusa ukingoni kwa sindano ya kioo, umeme mdogo sana hupita seli hadi seli, na mwili wote hujikunja kwa pamoja. Mimi naupima umeme huo.

Jumapili iliyopita Nyongesa alikuja maabara na mkewe Whitney. Akachungulia kwenye hadubini, akasema, "Dada, huyu ni bosi wetu wa ghala la Bugolobi kabisa! Hana kichwa, na sote tunamfuata." Whitney alicheka hadi askari wa getini akaja kuangalia kuna nini.

Binti yako,
Nerima

Kimilili, 19 Machi 2025

Mwanangu Nerima,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hali yangu usiulize. Tangu uliponipigia simu kuniambia kwamba mdogo wako ameanguka kutoka paa la ghala, chakula hakipiti.

Whitney ananiambia daktari amesema ubongo umekufa, kinachompumulia ni mashine. Lakini anasema pia alimtia kidole kiganjani, na Nyongesa akakishika. Akakishika, Nerima!

Nimeisoma tena barua yako. Uliandika mwenyewe: hana ubongo, na ukimgusa anaitika mwili mzima. Sasa mbona mwanangu wanamwita maiti? Waambie hao madaktari. Wewe umesoma, watakusikia. Mashine isizimwe.

Mama yako

Kampala, 23 Machi 2025

Mama mpendwa,

Pole. Siulizi kama umelala.

Na mimi nilimwekea kidole kiganjani. Alikishika kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika tukivuka mto kwenda shule. Nikamwita jina. Nikamwambia, "Ukinisikia, niachie." Hakuniachia. Nikakitoa, nikaweka kalamu. Akaishika vilevile.

Mama, yule mnyama hajawahi kuwa na ubongo. Kila kipande cha mwili wake kinajua kazi yake, hakuna kilichopotea. Sisi hatukuumbwa hivyo. Mkono wa Nyongesa unajikunja kwa sababu uti wa mgongo bado unapitisha umeme, lakini umeme huo haumfikii mtu yeyote. Madaktari waliiondoa mashine kidogo kumpima, kisha wakampima tena siku nyingine. Hakuvuta pumzi. Nilisimama pale nikimwomba avute.

Ningeweza kukudanganya. Nilianza barua ya namna hiyo, nikaichana. Wanasubiri neno letu. Whitney amesema atafuata utakalosema wewe. Nijibu, tafadhali.

Binti yako,
Nerima

Kampala, 11 Mei 2025

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Kifua je?

Tangu mazishi simu yangu hupokei. Pale kaburini nilikunyooshea mkono ukanipita, ukamkumbatia Whitney. Sikulaumu.

Nilisubiri jibu lako, Mama. Madaktari waliporudi, Whitney alishindwa kushika kalamu. Nikasaini mimi mashine izimwe. Nilikaa naye mpaka mwisho, sikutoka. Niandikie hata kama ni kunitukana.

Binti yako,
Nerima

Kimilili, 29 Juni 2025

Nerima,

Nakusalimu. Kifua kinaendelea hivyo hivyo. Mahindi yamebeba.

Nilimpa mwalimu wa shule barua yako ya hospitali, akanieleza habari ya uti wa mgongo pole pole mpaka nikaelewa. Hukusema uongo. Mimi ndiye niliyetaka uongo, na wewe ukaninyima.

Lakini ulipokuwa ukisaini, mkono wake ulikuwa bado na joto, na mimi sikuwapo kuushika. Hilo mwalimu hakuweza kunieleza.

Krismasi usije. Siku nitakapoweza kukutazama nitakuita. Whitney ni mjamzito, msaidie kubeba maji. Na wewe ule, umekonda sana.

Mama Nyongesa