Nimesema Pikapu Itavuka

Segese. Jumatano, mwezi wa kumi na moja, 1984.

Saa tisa hii. Jua linachoma vibaya, na upande wa Geita wingu limesimama jeusi kama tako la sufuria. Juzi mvua ilidondoka kidogo tu, ya kulainisha vumbi. Hii inayokuja siyo ya kulainisha.

Leo asubuhi nimemdanganya kaka yangu.

Naandika kwa sababu mdomo wangu hauna kazi. Toka utoto niko hivyo. Shule niliacha darasa la tatu, na hata hiyo miaka mitatu mwalimu alikuwa anasahau kama nipo. Ufundi nimeujua kwa kutazama. Nilikaa Kahama nje ya gereji ya watu, natazama mikono yao, siulizi kitu. Nikarudi hapa nikajenga kibanda. Sasa watu wananiita fundi, na mimi bado siulizi kitu.

Pikapu ni ya kaka Masanja. Aliipata kwa bwana mmoja aliyekuwa anafanya kazi mgodi wa Mwadui, silinda sita, na kwenye barabara kavu hakuna wa kuifikia. Lakini nguvu zake zote ziko tairi za nyuma. Na nyumbani kwetu ni ng'ambo ya mbuga, lile bonde la udongo mweusi. Mvua ikikolea, udongo huo unakuwa kama ugali mbichi.

Mwaka huu mwezi wa kwanza shemeji Minza, mke wa kaka, alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Niliyekuwa naendesha ni mimi. Katikati ya mbuga nikakanyaga mafuta, tairi za nyuma zikachimba mpaka difu, lile tufe la meno katikati ya ekseli, ikakaa juu ya tope. Mtoto alizaliwa mle ndani ya gari.

Hakulia.

Kaka hakunisema. Angenisema ningepona.

Ndiyo nikaapa kwamba pikapu hii itavuta kwa miguu yote minne kabla mvua haijarudi. Nilihangaika miezi. Ekseli ya mbele niliipata kwenye landrova iliyokufa, tukaibeba kwenye baiskeli mbili, nusu huku nusu huku. Transfa, lile boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma, nalo lilikuwa kuukuu, kifimbo chake cha kuunganishia kimekatika. Nikalifunga moja kwa moja, tairi zote zivute muda wote. Wachimbaji wa kule Bulyanhulu wana mashine ya kuchomelea, wakanichomelea vishikio kwenye chasisi. Springi za mbele nikapanga upya. Hiyo kazi nimeifanya kwa mikono yangu na sikuwa na mtu wa kuniambia hapa sawa, hapa siyo sawa.

Halafu tukaijaribu. Na huku kwetu gari linajaribiwa wapi kama siyo kwenye tope? Watu walimwaga maji ya lambo kwenye jaruba la mpunga, ndoo kwa ndoo. Kaka akaingia nayo. Ikapita kama mtu anatembea sebuleni kwake! Wamama wakapiga vigelegele. Kaka akanishika bega mbele ya watu, akasema, "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja." Nilitaka ardhi inimeze kwa raha.

Lakini niliona kitu.

Ilipotoka kwenye jaruba ikapanda pale uwanjani pagumu, tairi za mbele ziliacha mchubuko chini, kama mtu anayeburuta ndala. Na ilinguruma kwa shida. Nikatazama ule mchubuko. Nikamtazama kaka anavyocheka. Nikaufuta kwa mguu.

Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Wiki iliyopita Minza, ana mimba nyingine na imeshakomaa, alitaka aende Kahama akakae kwa shangazi yake, asubirie siku zake huko. Nesi alishamwambia asijifungulie nyumbani kabisa. Kaka akamwambia, "Unaenda kula vya watu wakati shamba halijalimwa? Gari si lipo, mayu. Miguu minne hiyo." Minza akanigeukia mimi, siyo yeye. "Eti shemeji?" Nikainama, nikachora chini na kijiti. Akachukulia ni ndiyo.

Jumapili kaka akaipeleka barabara kuu, kavu, ngumu kama sakafu. Hakufika mbali. Kikalia kishindo kimoja chini, mafuta yote chini, boksi limepasuka katikati na meno yake yametawanyika barabarani. Ilirudishwa Segese kwa ng'ombe wanne wa plau, mbele ya watu wanaotoka kanisani. Baba Kabula muuza chumvi akasimama mlangoni pa duka lake, anashika mbavu.

"Fundi ngosha! Ilikuwa miguu miwili, ukafanya minne, leo naona kumi na sita!"

Mwingine akadakia, "Hao wa mbele hawali petroli, fundi, wape majani!"

Watu walicheka mpaka wakakaa. Kaka alikuwa anaswaga ng'ombe, hakugeuka. Mimi nilishika usukani wa gari lisilowaka, nikitazama mbele kama naendesha kweli.

Leo asubuhi kaka amekuja kwa baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Akachuchumaa, akachungulia chini ya gari, kama vile anaelewa anachokiona.

"Maduhu, mvua hii hapa. Niambie ukweli. Itavuka?"

Alikuwa ananiangalia kama alivyoniangalia siku ile ya jaruba. Nikaona nikisema hapana, hayo macho hayatarudi tena.

"Itavuka, kaka. Nipe wiki."

Akashukuru. Ameshukuru! Akapanda baiskeli akaenda kumwambia mke wake atulie.

Alipoondoka ndiyo nikafanya kitu ambacho nilipaswa kufanya miezi ile. Nikachukua chaki. Nikainua tairi moja ya nyuma kwa jeki, nyingine ikabaki chini, nikaizungusha raundi ishirini, huku nahesabu propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka mara ngapi. Thelathini na tisa. Nikaja mbele, vilevile. Arobaini na saba. Nikarudia. Nikarudia tena, nikiomba nimehesabu vibaya, maana hesabu sikuwahi kupata hata shuleni.

Arobaini na saba.

Kumbe meno ya difu hizi mbili hayalingani. Injini ikivuta, tairi za nyuma zinataka kwenda mbio na za mbele zinataka kwenda pole, na zimefungwa pamoja. Kwenye tope zinateleza, hakuna anayeona ubaya. Kwenye ardhi ngumu hakuna pa kuteleza, basi kinapasuka kilicho katikati. Hata nikipata boksi jingine litapasuka vilevile. Difu ya kufanana sijui nitaitoa wapi, achilia mbali wiki, hata mwaka. Na nikitoa propela ya mbele ibaki kuvuta nyuma tu, sasa ina chuma kizito puani. Itazama kuliko ilivyozama siku ile.

Nimekaa na chaki mkononi sijui muda gani. Nimefikiria kukimbilia machimboni, nishuke shimoni nisionekane. Nimefikiria labda mvua itachelewa. Nimefikiria labda mtoto atawahi. Mawazo ya mtu mwoga yote nimeyafikiria.

Minza yuko ng'ambo ya mbuga, ametulia, kwa sababu yangu.

Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili. Leo bado panapitika, hata mkokoteni wa ng'ombe unapita. Kesho sijui. Nikiwahi kabla wingu halijafika, wanaweza kumvusha jioni hii hii, alale Segese, kesho apate lori la pamba mpaka Kahama.

Baiskeli sina. Nitakimbia.

Nimejaribu kulisema neno lenyewe hapa peke yangu kibandani, kwa sauti, nione kama linatoka. Mara ya kwanza halikutoka. Mara ya pili limetoka dogo.

Haitavuka, kaka. Kosa ni langu na nililiona mapema.

Nikifika mlangoni, akanitazama, litatoka?