Alama za Magemu kwa Mama Hadija

Jumapili, 3 Machi 2002

Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke Kibondo. Niliaga kwamba nakwenda Korogwe kukata mkonge msimu mmoja.

Leo hakuna kazi. Nimefua, nimeshuka mjini, nimekaa kwa Mama Hadija mpaka jioni. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi. Runinga mbili, mashine mbili za gemu, mabenchi, joto. Ameleta CD mpya kutoka Tanga. Utaratibu ni ule ule: mimi nacheza kwanza, bure, kisha natoa alama kwa kumi kama mwalimu alivyotupa sisi, naye anaziandika kwa chaki mlangoni. Gemu likipata chini ya tano analirudisha kwa muuzaji abadilishiwe. Alinichagua mimi kwa sababu nafungwa sana na sisingizii pedi, kile kidude cha kubonyeza. Shule niliishia darasa la tano, lakini kizuri na kibovu navijua.

Mpira: nane. Wachezaji wana uzito. Ukimgeuza mtu ghafla anateleza kama mtu kweli. Mtangazaji anaongea lugha nisiyoijua na anapiga kelele hata mpira ukitoka nje. Ningetoa tisa, ila refa anaonea.

Ngumi: nne. Ukikaa kona na kubonyeza teke la chini tu, unampiga kila mtu mpaka bingwa. Hakuna cha kujifunza. Likirudi Tanga sitalikumbuka.

Matofali yanayoanguka: tisa. Halina picha nzuri, halina hadithi. Lakini ukishindwa, kosa ni lako kila mara. Ndiyo maana watu hawalipendi.

Lingine ni la mtu mwenye bunduki kwenye jumba la maiti zinazotembea. Sita. Linatisha vizuri. Lakini nusu ya gemu ni kutafuta funguo za milango. Hiyo ni kazi, na kazi ninayo.

Alhamisi, 7 Machi

Mwiba wa mkonge umenichoma jicho la kushoto.

Kila mkataji anajua. Kwanza unakata ncha za majani, mche mzima, ndipo unakata majani yenyewe. Ncha ya mkonge ni sindano. Lakini tangu shamba lichukuliwe na tajiri mpya tunapimiwa majani tuliyopanga, na ncha hazipimwi. Basi sote tunakata ncha za mche ulio mbele tu. Wa nyuma unauacha. Niliinama kufunga fungu, nikainuka, nikageuka. Wa nyuma ulikuwa pale.

Damu haikuwa nyingi. Kilitoka kitu kama ute wa yai. Gervas, Muha mwenzangu tunayelala chumba kimoja, alinishika mkono mpaka kambini. Mke wa jirani ana mtoto mchanga. Akanikamulia maziwa yake jichoni, ndivyo wanavyofanya hapa. Niliona aibu kuliko maumivu.

Sasa maumivu yamezidi aibu.

Jumapili, 10 Machi

Nimefunga kitambaa. Nyapara wetu, Msambaa wa Mashewa, mtu wa maneno machache, ameniuliza kama naona. Nimesema naona. Mwenye jicho moja hakati mkonge, sheria ya tajiri mpya. Anaambiwa aende kwao.

Nimekwenda kwa Mama Hadija. Nilitaka kukaa mahali ambapo watu wanatazama kitu kingine, si mimi.

Gemu la askari wa msituni: tano. Bunduki inasikika vizuri. Maadui ni wajinga, wanatoka mlango ule ule mmoja mmoja kama wanapanga foleni ya sukari. Nimetoa tano kwa ajili ya mvua. Mvua yao ni nzuri, inalowesha nguo.

Mama Hadija ameandika tano, akageuka, akanitazama muda mrefu. Ni Mzigua wa Kwedizinga, mjane, hana haya.

"Baba, hicho kitambaa kinanuka. Nenda hospitali."

Nikamwambia jicho linapona.

"Sikukuuliza kama linapona."

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda. Daktari kijana, mikono baridi. Amenimulika kurunzi. Jicho la kushoto limekufa, halioni hata mwanga. Hilo nilikuwa nalijua.

Sikujua la pili. Anasema jicho lililopasuka likiachwa humo, mwili unaanza kulipiga vita, na ukishazoea vita haubagui. Unalipiga na lile zima. Si kwa kila mtu, lakini ukianza huwezi kuuzuia kwa urahisi. Anataka litolewe upesi, wiki hii. Nikubali, aniandikie nafasi.

Nimesema nitafikiri. Nadanganya, sikufikiri. Niliwaza shimo. Binti yangu nilimwacha anatambaa. Nirudi na shimo usoni, anikimbie. Na shambani siku hiyo hiyo watajua. Sasa hivi jicho liko mahali pake, jekundu tu, nikiinamisha kofia halionekani. Maumivu yamepungua. Kitu kinachokufa si kinauma? Hiki hakiumi.

Sitarudi kwa daktari.

Jumamosi, 6 Aprili

Kang'ata, siku ya mnada wa ng'ombe. Nyapara kanipa ruhusa, Mama Hadija kanichukua nimbebee jenereta. Tumefunga turubai, runinga ndani, tumejaza watu mpaka hewa ikaisha.

Wafugaji walioshauza ng'ombe wao waliingia. Moran mmoja, kijana wa Kimasai, alishika pedi ya gemu la magari kama anashika nyoka. Akaendesha, akagonga kila ukuta, akacheka. Kisha akauliza magari yanakwenda wapi.

Mama Hadija akamwambia yanazunguka tu, yanashindana.

"Yakizunguka yanarudi pale pale?"

"Pale pale."

"Na mwenye kushinda?"

"Anapewa kikombe."

Moran akaweka pedi chini. "Basi mmiliki wa hayo magari ni mgonjwa. Mpeni mchungaji wa kuyapeleka malishoni."

Turubai zima likaangua kicheko. Akatoka. Baada ya muda nikamwona amejipanga tena kwenye foleni, uso mkavu.

Gemu la magari lilikuwa na saba. Nimelipunguza mpaka sita kwa neno lake. Ni kweli, hakuna safari ndani yake. Lakini breki ni nzuri mno, unasikia uzito wa gari unakwenda mbele.

Jua la Kang'ata limenichosha jicho la kulia. Linatoa machozi. Vumbi la ng'ombe.

Jumapili, 14 Aprili

Gemu la mtu mdogo anayeruka mashimo: tano. Nimeanguka shimo la kwanza mara nyingi kuliko nilivyowahi kuanguka gemu lolote. Kingo za mashimo hazionekani, wamezipaka rangi moja na ardhi. Mchoraji mvivu.

Kichwa kinauma juu ya jicho la kulia. Nimekunywa dawa ya kichwa.

Jumapili, 21 Aprili

Niandike hii yote.

Mama Hadija ameleta gemu la ndege za vita. CD ya bei, ameisubiri tangu Pasaka, ameshawaahidi wateja. Kibanda kilijaa watu, wakanisubiri mimi. Nimecheza. Ukungu mtupu. Ndege nyingine unazisikia tu, kisha umekufa. Chini hakuna nchi, kuna uji wa kijivu. Nimerudia. Nimerudia tena. Nimetoa alama mbili, nikaeleza: waliotengeneza walikosa kuchora ardhi, wakaificha kwa ukungu. Ni wizi. Mama Hadija amekunja uso, lakini ameshika chaki, ananiamini mimi kuliko macho yake. Ameandika mbili. Ameanza kuitoa CD airudishe.

Gervas alikuwa nyuma yangu. Akasema asubiri kidogo, ajaribu naye. Akakaa. Watu wakaanza kushangilia, wanamwonyesha, ile pale, chini ya daraja, ile nyingine inatoka juani. Nikadhani wananitania. Waswahili wa stendi wanapenda kumtania Muha.

Gervas akasimamisha gemu. Hakunitazama.

"Kaka, ukungu gani?"

Nikamwonyesha. Nikaweka kidole kwenye kioo.

"Pale pana mto," akasema. "Kuna mtumbwi. Naona mpaka kasia."

Mtu mmoja kwenye benchi akasema Muha ametoa alama akiwa amelewa. Wakacheka. Mama Hadija hakucheka. Akachomoa ile CD, akatia ya mpira, ile ya alama nane, ninayoijua kama mkono wangu. Akasema nimwambie golikipa amevaa rangi gani.

Kulikuwa na ukungu uwanja mzima.

Mama Hadija akafuta ile mbili mlangoni kwa kiganja, akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa wake mwenyewe:

"Lini lilianza?"

Sikujua lini. Nilidhani ni magemu.

Jumatatu, 22 Aprili

Gervas ameniacha mlangoni kwa daktari akaenda kuwahi kazi. Daktari yule yule. Ameangalia, ameandika. Vita vimehamia jicho la kulia. Ametoa matone na vidonge, na barua ya kwenda kwa madaktari wa macho Moshi, si kesho, leo kama kuna gari.

Hakunikemea. Ningependa anikemee.

Nimemuuliza kama ningekubali siku ile. Amesema hakuna anayeweza kujua. Amesema hivyo kwa upole, ndipo nikajua.

Jumanne, 23 Aprili

Sikuondoka jana. Asubuhi nimekwenda shambani, mjinga mimi, nipate malipo ya siku mbili zaidi. Nimekata majani machanga pamoja na makomavu, sikuyatofautisha. Nimeacha ncha. Nyapara amesimama juu ya fungu langu. Akalichambua jani kwa jani. Akachukua panga langu mkononi taratibu, kama unavyomchukulia mtoto kisu.

"Nenda, mwanangu. Nitasema umeumwa. Sitasema nini."

Nilikuwa nimemwona mbaya miaka yote hii.

Mama Hadija amefunga kibanda ananipeleka Moshi. Jumanne, siku ya gulio, siku yake ya wateja. Nimemwambia asifunge. Amesema ninyamaze nitafute shati safi.

Jumapili, 2 Juni

Korogwe tena. Naandika herufi kubwa, mstari mmoja unakula mistari miwili, na karatasi iko puani. Nimekaa mlangoni kwa Mama Hadija ambako mwanga ni mwingi.

Wamelitoa la kushoto. Hili la kulia limeacha kuharibika, ndivyo walivyosema, na hawakusema zaidi. Naona mtu amesimama. Nani, sijui mpaka aseme. Rangi nyekundu naiona vizuri, kijani kidogo. Nyota sizioni, nimejaribu.

Ndani wanacheza la ndege. Limependwa, foleni haikatiki. Mama Hadija hajaandika alama yoyote juu yake. Ameniuliza leo niseme ngapi, kwa kusikiliza tu. Nimekataa. Sikuliona. Mtu asiyeliona asilitolee alama. Amesema basi atamwuliza Gervas, na Gervas amelipa kumi, na mpira kumi, na ngumi kumi. Gervas hafai kwa kazi hii. Nimemwambia hivyo, akacheka sana, nami nikacheka.

Nimelala vibaya wiki hizi, leo nimelala vizuri. Upepo umetoka milimani, kuna baridi ya asubuhi. Yule mke wa jirani wa kambini amepita na mtoto wake mchanga, ameshakua, ananishika kidole kwa nguvu. Nimemweka karibu na uso, nimeona macho yake, mawili, meusi. Karibu hivi naona.

Tarehe ishirini na nne narudi Moshi kupimwa. Wakiniruhusu, Gervas atanipeleka Dodoma kwa basi, anipandishe treni ya Kigoma. Nimeambiwa kwetu maharage yamekubali mwaka huu. Kupura naweza, hiyo ni kazi ya mikono.

Nategemea kufika Kibondo kabla mwezi wa saba haujaisha. Nitapanga nifike mchana, jua likiwa juu, nimwone binti.